Ukuta Unaoenea Kiganjani

Chuchumaa pale bomba la maji ya mvua linapoishia, chini kabisa ya ukuta. Rangi ambayo kule juu bado ina heshima yake, hapa imevimba malengelenge. Mengine yamepasuka na kuacha vidonda vyenye kingo zilizojikunja. Ndani ya vidonda lipu inaonekana, na mahali ambapo lipu nayo imekata tamaa yanachungulia matofali mawili na nusu. Kuna mstari mweupe wa chumvi kwenye kimo cha goti, ukoga wa kijani upande usiopata jua, na alama za matope yaliyorushwa na matone, nzito chini na kufifia kadiri zinavyopanda. Watu hupita hapa kila siku, na ukiwauliza jioni ukuta ule una rangi gani hawajui.

Kipande kama hicho ndicho baadhi yetu tunachotumia wiki tatu kukijenga upya kwa ukubwa wa kiganja. Wajenzi wengi wa diorama, yaani mandhari ndogo zilizochongwa na kupakwa rangi ili jicho lizipokee kama mahali halisi, huanza na kitu cha katikati: treni, kifaru cha vita, gari la zamani. Ukuta, lami na mabati huja baadaye, kujazia nafasi. Makala hii inageuza mpango huo. Humu kinachojengwa ni ile nafasi yenyewe.

Swali linalowasumbua wengi ni hili: inakuwaje mtu mwenye mkono mwepesi, vifaa kamili na subira ya kutosha atoe kazi inayoonekana kama kichezeo, na mwingine kwa kadibodi na jasi atoe kitu ambacho ukikiona kwenye picha unauliza ni mtaa gani? Nilidhani jibu ni vidole. Ukuta wangu wa kwanza ulikuwa na nyufa kumi na mbili. Nilizichonga kwa sindano, moja baada ya nyingine, nikizisambaza ili zisilundikane upande mmoja. Kutu niliitia palipoonekana patupu. Ndugu yangu alipouona alisema, “Umeupamba vizuri.” Hakuwa na nia mbaya, ila alikuwa amegusa kidonda. Ukuta mkongwe haujapambwa na mtu. Umenyeshewa, umeegemewa, umegongwa na mpini wa baiskeli, umepakwa rangi mara nne na watu wanne ambao hawakuwa na haraka ya kuupenda.

Basi fundo hili lina nyuzi kadhaa zilizosokotana: ukubwa, unene, rangi na sababu. Watu huzivuta zote kwa pamoja, fundo likazidi kukaza.

Doa ni ushahidi

Neno diorama lenyewe lilianza na kitu kikubwa. Mwaka 1822 Louis Daguerre na mwenzake Charles Marie Bouton walifungua jijini Paris jumba ambamo watazamaji walikaa gizani mbele ya turubai kubwa zilizochorwa, na kwa kuchezea mwanga tu, mandhari ikabadilika mbele ya macho yao. Jumba hilo liliungua mwaka 1839, mwaka uleule ambao njia ya Daguerre ya kupiga picha ilitangazwa. Tangu mwanzo, basi, mchezo ulikuwa kulihadaa jicho, na mwanga ulikuwa nusu ya kazi.

Lakini babu yetu wa kweli katika ufundi huu, kwa maoni yangu, ni bibi. Nchini Marekani, miaka ya 1940, Frances Glessner Lee alijenga vyumba vidogo kwa skeli ya 1:12, yaani vidogo mara 12 kuliko vyumba halisi, vya kuwafundishia wapelelezi namna ya kuchunguza vifo vyenye utata. Vyumba 18 kati ya hivyo vimetunzwa Baltimore. Ukivisoma kwa jicho la mjenzi, kinachoshangaza ni kwamba hakuna alama iliyowekwa kwa ajili ya uzuri. Kila doa liko pale kwa sababu jambo fulani lilitokea, na mwanafunzi alitakiwa kulirudisha doa hadi kwenye jambo. Anayejenga ukuta uliochakaa anafanya kazi hiyohiyo kinyumenyume: anaanza na jambo, doa linafuata.

Kuna na wengine walioipeleka hoja hii hadi mwisho wake. Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1960, Mark Boyle na Joan Hills, ambao baadaye pamoja na watoto wao Sebastian na Georgia walijulikana kama Boyle Family, waliwafumba watu macho na kuwapa vishale warushe kwenye ramani ya dunia. Mahali kishale kilipochoma ndipo walipopaswa kwenda, na huko kipande cha ardhi kilichoangukiwa na bahati kilinakiliwa kwa resini na nyuzi za kioo: ukingo wa barabara, matope yaliyokauka, sakafu iliyovunjika. Hawakupunguza chochote, ni 1:1. Sababu ya kuwataja hapa ni ule upofu wa makusudi. Ukichagua mwenyewe kipande cha kuiga, utachagua kilicho kizuri kwa uchakavu wake, na kabla hujashika kisu umeshaanza kupamba.

Umbali nao hugawanywa

Sasa tuje kwenye hesabu, ambayo si ngumu ila hupuuzwa. Skeli ya 1:35 maana yake milimita moja ya mfano inasimama badala ya milimita 35 za dunia. Mtu wa mita 1.75 anakuwa na kimo cha sentimita 5. Kwa 1:87, skeli ya treni ndogo, anakuwa milimita 20. Kwa 1:12, skeli ya nyumba za wanasesere, anakaribia sentimita 15. Hayo kila mwenye kuingia kwenye kazi hii huyajua siku ya kwanza.

Linalosahaulika ni kwamba umbali nao unagawanywa kwa namba ileile. Ukiinamia mfano wa 1:35 ukiwa na sentimita 30 kati ya pua yako na ukuta, kwa ukuta wenyewe wewe umesimama mita 10 na nusu mbali. Na kwa umbali huo jicho zima halioni kila kitu. Uwezo wake wa kutenganisha vitu viwili ni pembe ya takriban 1/60 ya digrii, ambayo kwa mita 10.5 ni kama milimita 3. Kitu chembamba kuliko hapo huanza kuyeyuka ndani ya jirani yake na kubaki kama kivuli cha rangi.

Turudi kwenye nyufa zangu kumi na mbili. Sindano niliyotumia iliacha mfereji wa milimita 0.3 hivi, nami nikajipongeza kwa wembamba wake. Zidisha kwa 35: zaidi ya sentimita moja. Ukuta wenye nyufa kumi na mbili za upana wa sentimita moja hauhitaji mchoraji, unahitaji kamba ya kuzuia watu wasipite. Ndiyo maana ndugu yangu hakuuamini, ingawa hakuweza kusema kwa nini. Jicho limeona maelfu ya kuta, na linajua bila kuambiwa kwamba ukuta wa namna ile ungekuwa chini zamani.

Kwa hiyo nyufa nyingi kwenye mfano hazichongwi. Huchorwa kwa penseli ngumu iliyochongwa kwelikweli, au kwa rangi nyepesi iliyoachwa itiririke ndani ya mkwaruzo usioonekana, na zile nyembamba kabisa huachwa. Kuacha ndiko kugumu. Mtu amesoma ukuta wake kwa kuusogelea hadi pua ikagusa, amepiga picha kila kitundu, halafu aambiwe nusu ya alivyoviona asiviweke. Dawa niliyoipata ni ya kijinga lakini inafanya kazi: baada ya kuusoma ukuta kwa karibu, ninarudi nyuma hatua kumi na tano na kuandika kile ninachokiona kutoka pale. Hiyo karatasi ya pili ndiyo ramani. Ile ya kwanza ni ya kuelewa sababu tu.

Mambo hubadilika ukipiga picha kwa lenzi ya karibu. Kamera inausogelea ukuta hadi mita mbili au tatu za kiskeli, na yale yaliyokuwa yameyeyuka yanaanza kudaiwa tena. Anayejengea kamera na anayejengea rafu wana kazi mbili tofauti. Ugomvi mwingi kuhusu undani unaotosha hutokana na kwamba wanaobishana hawajaambiana wanajenga kwa ajili ya jicho gani.

Vitu visivyokubali kupungua

Jiwe hukubali kupungua. Kokoto iliyovunjika vizuri huweza kusimama badala ya mwamba, kwa sababu mwamba hupasuka kwa namna ileile katika ukubwa mwingi. Wanajiolojia huweka nyundo kando ya jiwe wakipiga picha, la sivyo mtazamaji hawezi kujua kama anatazama genge au kipande cha mkononi. Hiyo ni zawadi. Vitu vingine havitoi zawadi hiyo.

Mchanga, kwa mfano. Punje ya nusu milimita kwenye 1:35 ni jiwe la milimita 17. Mtu akinyunyiza mchanga wa kawaida juu ya gundi ili apate lami, amepata barabara ya kokoto zilizomwagwa jana. Mawe ya juu ya lami nyingi yana kama milimita 10, hivyo kinachotafutwa ni punje za milimita 0.29. Na hapa msasa unaingia, kwa sababu punje zake hupangwa kwa ukubwa unaojulikana: msasa namba P60 una punje za wastani wa milimita 0.27. Kwa 1:24 unakwenda kwenye P40, milimita 0.425. Kata kipande cha msasa, kibandike, kipake rangi, na barabara imeshafika robo tatu ya safari. Wapo wanaoona ni udanganyifu kwa kuwa ni rahisi. Mimi sioni tatizo la kitu kilicho rahisi na sahihi kwa wakati mmoja.

Unene ni adui mkubwa zaidi kwa sababu hauonekani mpaka ukingo ujitokeze. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa takriban milimita 0.1. Kwenye 1:35 hiyo ni milimita 3.5. Ukikunja mabati ya karatasi, ukingo wake utasema bamba la meli. Foili ya jikoni ina kama milimita 0.016, ambayo mara 35 ni nusu milimita na ushee, karibu sawa na bati lenyewe. Bati la mawimbi lililozoeleka lina takriban milimita 76 kutoka mgongo hadi mgongo; kwenye mfano ni milimita 2.2. Foili iliyokandamizwa juu ya nyaya zilizopangwa kwa nafasi hiyo hutoa bati ambalo hata kona yake hujikunja kama ilivyojikunja ile iliyokanyagwa na fundi.

Rangi ni hivyohivyo. Tabaka moja zito la brashi huweza kufika milimita 0.1, na sasa ukuta wako umevaa koti la milimita tatu na nusu. Pale ilipobabuka utaona ngazi, na jicho litakataa. Ndiyo maana rangi hutiwa nyembamba, mara nyingi, karibu kama maji yenye rangi.

Maji yenyewe ni mkaidi kuliko vyote. Tone hukaa duara kwa sababu ya mvuto wa uso wake, na mvuto huo hauna habari na skeli yako. Tone la milimita 4 kwenye mfano ni dude la sentimita 14 lililokaa barabarani. Dimbwi halisi la kina cha sentimita moja ni milimita 0.3 tu kwenye mfano. Kwa hiyo halimwagwi, linapakwa: vanishi ya kung'aa, tabaka mbili tatu, ndani ya shimo ambalo tayari lina rangi nzito zaidi. Na usisahau pindo la giza kulizunguka, kwa kuwa saruji na udongo vikiloa huwa vyeusi zaidi hata pale maji yenyewe yasipofika kutuama. Dimbwi lisilo na pindo hilo huonekana kama kipande cha plastiki kilichodondoshwa.

Nyufa zina ukoo

Hapa ndipo ningekaa siku nzima ningeruhusiwa.

Tandaza udongo laini wenye maji juu ya kibao, uache ukauke, kisha utazame kwa kioo cha kukuzia. Nyufa hazikuzaliwa pamoja. Ya kwanza ni ndefu na imepita bila kusimama. Ya pili imekuja ikaikuta ya kwanza na ikakoma pale, na mara nyingi imekoma ikiwa imeigonga kwa pembe ya mraba. Sababu yake inaeleweka. Udongo unaokauka hujivuta pande zote. Ufa ukishafunguka, mvuto wa kukatiza ufa huo unakuwa umeachiliwa, umebaki ule unaokwenda sambamba nao. Ufa mpya hukata mvuto uliobaki, kwa hiyo hauna njia ila kuja wima juu ya mwenzake. Ukitazama mikutano ya namna ya herufi T, basi, unaweza kusema nani kaka na nani mdogo. Udongo ukiloa na kukauka mara nyingi, mikutano hiyo husogea taratibu kuelekea umbo la Y, pembe tatu zinazokaribia kulingana. Uwanja wa matope uliokauka mara moja na ule uliokauka mara hamsini hauna sura moja.

Sasa rudi kwenye nyufa zinazochorwa na mkono wa mtu. Karibu zote hukatizana kama msalaba. Mkono hupita tu, haujui kwamba palikuwa na pengo. Hilo peke yake hutosha kuutoboa mfano, na mtazamaji hatajua alichokiona.

Jambo la pili kuhusu nyufa za kukauka ni la manufaa makubwa: nafasi kati ya ufa na ufa hufuata unene wa tabaka. Tabaka jembamba hupasuka vipande vidogo, nene hupasuka vipande vikubwa. Kwa hiyo usichonge nyufa za matope, zipikie mazingira. Changanya udongo uliochekechwa kwa kitambaa chepesi, maji na gundi nyeupe kidogo sana, pakaza unene wa nusu milimita, uache. Zitajichonga zenyewe, kwa skeli, na ukoo wake ukiwa sahihi. Gundi ikizidi hakuna ufa, ikipungua vipande vitabanduka. Nimeharibu vibao saba kabla ya kuupata mchanganyiko wangu, na hautakufaa wewe kwa kuwa udongo wako si wangu.

Nyufa za majengo zina sababu nyingine na hivyo sura nyingine. Kwenye kona ya dirisha mkazo hujikusanya, na ufa hutoka hapo ukienda mshazari. Msingi ukizama upande mmoja, ufa hupanda ngazi kwa kufuata mota, ule mchanganyiko wa saruji unaoshikanisha matofali, hatua mlalo, hatua wima. Nondo ikipata kutu ndani ya zege, kutu huchukua nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma kilicholiwa, na zege haina pa kwenda. Hupasuka kwa mstari mnyoofu unaofuata nondo ilikolala, doa la kahawia likachuruzika, mwishowe kipande kizima kikaanguka na kuuacha ubavu wa chuma nje. Na lami chini ya njia ya magurudumu huchoka na kukatika vipande vidogo kama ngozi ya mamba, wakati katikati ya barabara, ambako gurudumu halipiti, bado ni nzima. Mtu akijenga ngozi ya mamba barabara nzima, amejenga barabara ambayo magari yake hupita kila mahali kwa usawa. Sijawahi kuiona.

Kuharibu kwa mpangilio

Ukishakubali kwamba kila alama ina sababu, utaratibu wa kujenga unajipanga wenyewe: jenga kwa mfuatano uliotokea. Tofali kwanza, lipu juu yake, rangi ya zamani, rangi mpya, kisha uharibifu, kisha madoa, vumbi mwisho. Anayechora kidonda juu ya rangi iliyokamilika anachora picha ya kidonda.

Chukua ukuta wa 1:35 wenye upana wa sentimita 20 na kimo cha 12. Kwa tofali la milimita 215 kwa 65 na mota ya milimita 10, ukuta huo una matofali zaidi ya 1,700. Usiogope, lipu iko upande wako. Mimina bamba la jasi, liache likaze lakini lisikauke, kisha amua wapi lipu imeanguka. Hapo tu ndipo unapochonga matofali, labda 40 au 50, kwa ncha ya sindano, mota ikiwa mfereji wa milimita 0.3. Kwingine kote paka lipu ya jasi laini kwa kipande cha kadi ya plastiki, ukiimalizia kwa ukingo uliovunjika, usiokatwa kwa kisu. Ukingo wa lipu ubomoe kwa kuukwangua kutoka chini kwenda juu. Ukiukata utabaki na mstari wa kisu, na kisu hakikuwahi kupita kwenye ukuta ule.

Kwa rangi inayobabuka kuna ujanja wa zamani wa spirei ya nywele. Paka kwanza rangi ya kilicho chini, iwe kutu kwa chuma au kijivu kwa lipu, na uifunge kwa vanishi. Ikikauka, puliza spirei ya nywele tabaka mbili nyepesi. Juu yake paka akriliki ya rangi ya nje, iache ikauke bila kuichelewesha sana, kisha ilowanishe kwa brashi yenye maji na usubiri dakika moja. Spirei huyeyuka kwa maji, akriliki iliyo juu inakosa pa kushika, na ukiisugua kidogo inaachia vipande vyenye kingo ambazo hakuna mkono ungeweza kuzichora. Ila usisugue popote unapopenda. Sugua palipoguswa: kando ya kitasa, kwenye kimo cha bega ambako watu huegemea, chini ambako maji hupiga, kwenye kona iliyokuwa ikigongwa na mlango.

Maji ndiyo mwandishi mkuu wa kuta, na huandika kwenda chini. Doa la kutu lina kichwa na mkia: kichwa ni bolti au msumari, chenye rangi iliyokolea, na mkia hushuka ukifuata maji, ukififia, ukipinda pale penye kizuizi. Chini ya dirisha, vumbi lililokusanyika juu ya kizingiti huoshwa kwenye ncha zake mbili, ndiyo sababu madirisha mengi yana masharubu. Kwa hili natumia rangi ya mafuta: nukta ndogo pale kichwa kinapotakiwa, kisha brashi bapa iliyoloweshwa tapentaini na kukaushwa karibu yote, mvuto mmoja kwenda chini. Mwili wa mfano uwe umefungwa kwa vanishi kabla, la sivyo jasi itainywa rangi na doa halitasogea tena milele. Nimelia kwa hilo zaidi ya mara moja.

Ukoga hukaa penye unyevu na kivuli, kwa hiyo kabla ya kuutia amua jua la mfano wako linatoka wapi. Huo ni uamuzi wa mwanzo kabisa, na wengi huufanya mwisho.

Rangi na mwanga

Kuna kanuni inayorudiwa kwa wajenzi: kadiri mfano unavyokuwa mdogo, ongeza nyeupe kwenye rangi, kwa sababu hewa hufifisha rangi ya vitu vya mbali. Ushauri una faida, ila sababu inayotolewa haishiki. Mita 10 za hewa safi hazibadilishi rangi ya ukuta kwa kiasi cha kuonekana. Kinachobadilika ni mwanga. Jua kamili la mchana hufika lakisi (kipimo cha mwanga) 100,000 hivi. Chumba cha kawaida kina mia chache. Rangi uliyoilinganisha kwa uaminifu na ukuta ulio juani huonekana nzito na ya kukandamiza ikiwekwa rafuni. Kwa hiyo ndiyo, ipunguze ukali, lakini si kwa nyeupe tupu, ambayo huacha sura ya chaki. Tumia rangi ya vumbi la mahali unapopaiga, kijivu chenye joto au kahawia hafifu. Vumbi hilohilo, likitiwa kidogo kwenye kila rangi, huufunga mfano mzima uwe wa mahali pamoja. Na lami usiipake nyeusi. Ni nyeusi ikiwa mpya tu, mawe yakiwa bado yamevaa bitumeni. Ikishachakaa na mawe kujitokeza ni kijivu, na weusi unaobaki ni wa viraka na matone ya oili.

Kuhusu picha nitasema machache. Jua huonekana na upana wa nusu digrii tu angani, ndiyo maana vivuli vyake vina makali. Taa yenye uso wa sentimita moja ikiwekwa kama mita moja kutoka kwenye mfano hutoa vivuli vya ukali huo. Taa kubwa iliyosogezwa karibu hutoa vivuli vya studio, na mfano unarudi kuwa kichezeo. Michael Paul Smith wa Marekani aliruka tatizo lote hili: alichukua magari ya 1:24 na majengo yake madogo, akayaweka juu ya meza nje, miti na nyumba halisi zikiwa nyuma, na kupiga kwa kamera ndogo ya kawaida. Alitumia jua lenyewe. Kamera ndogo ilimfaa pia kwa sababu kihisi kidogo, yaani kile kinachopokea mwanga ndani ya kamera, huweka vitu vingi zaidi kwenye fokasi, karibu na mbali, na ukungu wa mbele na nyuma ndio unaoliambia jicho kwamba kitu ni kidogo.

Mfano ukikamilika ufunike kwa kioo siku hiyohiyo. Vumbi la kiskeli umeshalitia. La nyumbani halina skeli. Unyuzi wa nguo wa milimita 5 kwenye 1:35 ni waya wa sentimita 17. Niliwahi kupiga picha ishirini za ukuta wenye dirisha moja, nikiridhika na kila moja, na nilipozikuza kwenye skrini nikakuta uzi umening'inia kutoka kona ya juu ya dirisha, umepinda kidogo, kivuli chake kikianguka sawasawa juu ya lipu. Ulitoka kwenye sweta yangu. Nilirudi na kibano kuutoa, nikautazama kitambo, nikatoboa tundu dogo pale ulipoanzia, nikautia gundi. Wanaoiona picha huuliza kwa nini ile simu ilikatwa.